Nimetengeneza websaiti ya kanga kujifunzia kodi, nimeibomoa mara mbili. Uzi mrefu

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Mwenye chai avute kiti.

Najifunza kuandika kodi, si ile ya mwenye nyumba ambayo nayo nadaiwa, hii ya kompyuta. Video nimeangalia za kutosha, kikokotoo nimetengeneza, orodha ya kazi za siku nimetengeneza, na ule ukurasa wa kuigiza Netflix nimetengeneza kama wenzangu wote, ila ukiniuliza nilichopata kwenye Netflix nitakwambia nilijifunza kunakili tu maana kila kitu kilishaamuliwa na mtu mwingine. Mwezi uliopita nikasema hapana, natafuta kitu ambacho mimi nakijua kuliko yule wa kwenye video. Nikachungulia dirishani, kanga za mama zimeanikwa kwenye kamba. Nikasema hapo hapo.

Najua hakuna humu asiyeijua kanga lakini iangalie kwa jicho la fundi wa websaiti: ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, halafu ina jina, yale maneno. Pindo ni border, mji ni picha, jina ni maandishi. Yaani dizaini ilishafanywa kabla sijazaliwa. Mpango wangu ukawa ukurasa mmoja, kanga 24, ukibonyeza moja inakunjuka na kukupa maana ya jina lake na inavaliwa kumwambia nani nini. Ikae sawa kwenye simu na kwenye kompyuta, iwe na animesheni, na mtu yeyote aweze kuitumia hata kama haoni.

Hilo la mwisho niliandika kujaza tu kwa sababu mazoezi ya mtandaoni huwa yanalitaja. Ndilo lililonibomolea nyumba.

Toleo la kwanza nilianza na animesheni, si ndio tamu. Kanga zinapepea kama ziko kambani wakati wa kusi, hazisimami, na ukishuka chini zinaingia moja moja kutoka pembeni. Kwenye laptopu yangu inateleza kama mafuta. Nikalala kama mfalme.

Asubuhi nikafungua kwenye simu ya mama. Ukurasa mweupe. Nasubiri, mweupe. Kumbe kanga zote nilikuwa nimezificha kwa `opacity: 0`, yaani zisionekane, kwenye CSS (lugha ya kupamba ukurasa), JavaScript (lugha ya kuupa ukurasa matendo) ndio ije izifunue mtu akishuka, sasa mtandao unasuasua JavaScript haijafika, nani azifunue? Maneno yote yameshaingia kwenye simu, bando limeshalika, ila mtu haoni kitu. Zilivyotokea sasa zikawa zinapepea kwa kukwama kwama kama daladala yenye klachi mbovu. Mama kaangalia kidogo akanirudishia simu, "mwanangu mbona kizunguzungu hiki", akarudi kwenye mchicha wake.

Naendelea chini, msinikatishe.

#2 Mchangiaji

Nimekaa pale na kahawa. Ila mkuu kanga 24 zote zinapepea kwa pamoja? Hata mimi ningekimbilia mchicha.

#3 Mleta uzi

Haha ni kweli mkuu.

Kukwama kwanza. Skrini nyingi zinachora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo brauza ina kama milisekunde 16 kumaliza kila fremu. Mimi nilikuwa nacheza na `top`, `left` na `height`, yaani mahali kitu kilipo na urefu wake, na ukigusa hizo brauza inalazimika kupima upya nani akae wapi kwenye ukurasa, kila fremu, mara kanga 24. Ni sawa na kila mgeni akiingia ukumbini uwainue watu wote uwapange upya. Ukitumia `transform` na `opacity` kitu kinasogezwa juu juu bila kumgusa jirani. Nilibadilisha hayo tu, simu ya mama ikaanza kupumua.

Kizunguzungu nacho nilidhani mama anatania. Nikaja kusoma kwamba kuna watu mwendo kwenye skrini unawavuruga kweli, sikio la ndani ndilo linaloshika mizani ya mwili na kwao picha ikihama wakati mwili umetulia inakuwa kama wako kwenye boti ya Unguja siku ya mawimbi. iOS 7 ilipotoka 2013 na vitu vyake vya kuruka ruka watu walilalamika kichefuchefu, Apple walikuwa na setingi ya kupunguza mwendo. Android nayo ina sehemu ya kuondoa animesheni. Brauza inaisoma setingi hiyo na CSS unaweza kuiuliza kwa `prefers-reduced-motion`. Nimegeuza mantiki: kanga zimetulia toka mwanzo, mwendo nauweka ndani ya @media (sharti la CSS linalouliza hali ya kifaa) kwa yule ambaye hajasema anaukataa. Mwanzoni nilifanya kinyume, mwendo kwa wote halafu nauzima kwa waliokataa, nikawa kila nikiongeza animesheni mpya nasahau kuizima.

Halafu ipo miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ya kufanya kurasa zitumike na kila mtu, inaitwa WCAG, toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Inasema kitu kikianza kucheza chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni ya vitu vingine, mtu awe na namna ya kukisimamisha. Zangu zilikuwa zinapepea mpaka kiama. Sasa kanga inapepea mara moja ukiigusa, basi. Na niwaambie ukweli imependeza zaidi, zamani zilikuwa kelele.

#4 Mchangiaji

Mkuu umejitesa bure. Ungechukua Bootstrap, ile CSS iliyoandikwa tayari, nusu saa ushamaliza, inakaa sawa simu na kompyuta, vitufe viko tayari. Siku hizi nani anaandika CSS kwa mkono? Na hao wasioona ni wangapi watafungua websaiti ya kanga?

#5 Mleta uzi

Bootstrap sina ugomvi nayo mkuu, kazi ya mteja nitaitumia. Hapa najifunza. Na kupanga kanga zenyewe ilikuwa mstari mmoja tu:

`grid-template-columns: repeat(auto-fill, minmax(min(16rem, 100%), 1fr));`

Maana yake kila kanga isipungue upana wa rem 16 (rem moja ni ukubwa wa herufi za kawaida za ukurasa), skrini ikiwa ndogo kuliko hapo ichukue upana wote, ikiwa kubwa zijazane kadiri zinavyoenea. Sijaandika kipimo cha simu wala cha tableti. Ethan Marcotte alipoandika makala yake ya 2010 iliyoleta haya mambo ya ukurasa kujinyumbua alitaja gridi inayonyumbulika, picha zinazonyumbulika na @media, sisi wanafunzi tumeishika hiyo @media peke yake tunaweka vipimo kumi vya simu za watu. Kwa kupanga kanga sikuihitaji kabisa.

Ila ule mstari wa viewport kwenye head ya ukurasa, unaoiambia simu itumie upana wake halisi, usiusahau, bila huo simu inajifanya ina upana wa pikseli 980 hivi na kila kitu kinakuwa maandishi ya mchwa. Na usimzuie mtu kukuza kwa vidole! Mimi niliweka `user-scalable=no` kwa kunakili tu. Mama yangu anakuza kila kitu, hata picha za harusi.

Swali lako la pili ngoja nilijibu kwa kisa.

Nina binamu yangu haoni, anatumia laptopu na programu ya NVDA inayomsomea skrini. Ni ya bure, ilianzishwa Australia 2006 na kijana ambaye mwenyewe haoni, Michael Curran. Nikampelekea toleo la pili kwa mbwembwe, si nimesharekebisha animesheni. Akafungua. Nikasikia sauti yake ya Kiswahili iliyokuwa inasoma vizuri kabisa ghafla inageuka mzungu mwenye mafua. "Usisafirie nyota ya mwenzio" inatamkwa kama jina la dawa. Binamu anacheka mpaka machozi, mimi natoka jasho.

Tatizo lilikuwa herufi mbili. Kwenye VS Code, programu ya kuandikia kodi, ukiandika alama ya mshangao ukabonyeza Tab inakuletea mifupa ya ukurasa, na juu kabisa imeandikwa `lang="en"`. Ukurasa wangu wote Kiswahili lakini nimeuandikisha ni Kiingereza, NVDA ikanitii, ikabadili sauti. Nimebadilisha kuwa `lang="sw"` na tangu siku hiyo nachungulia kurasa za watu, ni nyingi mno za Kiswahili ambazo zimeandikishwa Kiingereza. Nendeni kaangalieni zenu sasa hivi, nasubiri.

#6 Mchangiaji

Nimeangalia. Zote tatu ni en. Nimeona aibu.

#7 Mchangiaji

Mie huku Mombasa hiyo twaiita leso bwana, kanga ni yule ndege. Lakini mradi wako waupenda moyo. Swali: jina la leso umeliweka ndani ya picha ama ni maandishi kando? Kwa maana mie nilijaribu ya methali nikapiga picha leso za nyanya, zikatokea nzuri, lakini kwa simu maneno hayasomeki.

#8 Mleta uzi

Leso basi, nisije nikafukuzwa pwani.

Umegusa penyewe. Toleo la kwanza lilikuwa picha kama zako, jina liko ndani ya picha. Ukikuza linakuwa ukungu, binamu hasikii chochote, na ukitafuta neno "hasidi" kwenye ukurasa hulipati. Sasa mji ni mchoro wa SVG (aina isiyopata ukungu ukiikuza), pindo ni `border-image`, na jina ni maandishi halisi yaliyokaa juu yake. Kwenye alt, yale maelezo ya picha kwa asiyeona, naeleza kinachoonekana tu, mfano "Pindo jekundu, mji wa korosho", sirudii jina maana lipo tayari kama maandishi, nikirudia binamu analisikia mara mbili. Mwanzoni aliniambia "hii kanga ina kigugumizi".

Ukubwa wa herufi ulinisumbua siku mbili. Jina kama "Wema hauozi" ni fupi, halafu unakuta "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake" nalo linataka kukaa kwenye simu ileile. Nikatumia `vw` peke yake ili herufi zifuate upana wa skrini, ikakaa vizuri, ila mtu akikuza ukurasa kwenye kompyuta herufi hazikui ng'o, kwa sababu zinafuata upana wa dirisha na wala haziangalii yeye anataka nini. Dawa ni kuchanganya na rem:

`font-size: clamp(1.1rem, 0.9rem + 1.5vw, 2rem);`

Kipimo changu siku hizi nafungua dirisha la pikseli 1280 nakuza mpaka asilimia 400, ambayo ni sawa na skrini ya pikseli 320. Kama bado nasoma bila kuburuta kwenda kulia, imepita.

Rangi sasa. Hapa ndio nilibishana na miongozo kama mtoto. WCAG wanataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1, herufi zikiwa kubwa, pikseli 24 kwenda juu, inatosha 3. Nikachukua kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya maharusi. Nyekundu kavu juu ya nyeusi inatoa 5.25, safi. Nyekundu ileile juu ya nyeupe inatoa 4 kasoro nukta, yaani jina kubwa linapita, maelezo madogo chini yake yanafeli. Macho yangu yanasema zote zinasomeka! Nikatoka nje na simu saa saba mchana juani. Maelezo madogo siyaoni. Nikarudi ndani kimya kimya nikatia wekundu mzito zaidi. Njano juu ya nyeupe nisiwaambie, ni 1.07, ni kama kuandika kwa maji.

Kwa hiyo mkuu wa #4, hao ndio watu wenyewe. Kila mtu aliyeshika simu kituoni saa saba mchana.

#9 Mchangiaji

Habari wakuu. Mimi sioni toka utotoni, humu nasoma na kuandika kwa simu na TalkBack, programu ya Android inayonisomea skrini. Nishukuru kwa uzi. Niongeze machache maana mara nyingi tunaongelewa tukiwa kimya.

Kwenye alt msianze na "picha ya", programu imeshanitajia kuwa ni picha, tunapotezeana muda. Pili vichwa vya habari. Mimi sisomi ukurasa kutoka juu mpaka chini kama hotuba, naruka kichwa kwenda kichwa nikipata ninachotaka nasimama. Mkiandika kichwa kwa div (kisanduku cha HTML kisicho na maana yake chenyewe) mkakinenepesha na kukikuza, nyie mnakiona ni kichwa, kwangu hakuna kitu, ni sentensi kama nyingine. Tatu ile menyu ya vistari vitatu. Nikigusa naambiwa "kitufe", basi. Kitufe cha nini? Mara nyingine nabonyeza kwa imani.

Mleta uzi, kanga zako zinafunguka kwa kitufe au umeweka div?

#10 Mleta uzi

Karibu sana kaka, na umenishika pabaya. Toleo la kwanza na la pili zilikuwa div zenye onclick. Kwa mausi inafanya kazi, ndio maana sikujua. Siku moja mausi ikafa betri nikajaribu Tab, inaruka kanga zote 24 kama hazipo inaenda moja kwa moja chini kabisa kwenye linki ya GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi kodi. Nikaanza kuongeza `tabindex`, nikaongeza `role`, nikaandika JavaScript ya kusikiliza Enter, nikasahau ya spacebar. Mistari kama thelathini kuigiza kitu ambacho button inakuja nacho bure. Nikafuta zote nikaweka button. Dirisha la maana ya jina nalo nimetumia `dialog` na kulifungua kwa `showModal`, ukibonyeza Esc linafunga na unarudishwa kwenye kanga uliyokuwa nayo, sikuandika kitu.

Na nilikuwa nimeandika `outline: none` kwa sababu ile duara ya buluu niliona inaharibu dizaini. Bila hiyo mtu wa kibodi hajui yuko kanga gani, ni kama kutembea gizani umeshika ukuta. Sasa nimeweka mstari mnene kwa `:focus-visible`, na nimeuchora kwa mtindo wa pindo, yaani kanga iliyochaguliwa inapata pindo la pili. Ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye mradi mzima na hakuna hata mmoja aliyenisifia.

Menyu imepata `aria-label="Menyu"`, jina linalotamkwa na programu ya kusoma skrini, na `aria-expanded` ili ujue imefunguka au imefungwa. Vichwa nilivyo navyo ni h1 (kichwa kikuu) na h2 (kichwa kidogo) kwa kila jina, ukipata nafasi kaka ruka ruka uniambie.

#11 Mchangiaji

Samahanini wakuu, mie dada yenu ndio naanza, sina laptopu, nina simu tu. Naweza kufanya mradi kama huu au nisubiri?

#12 Mleta uzi

Usisubiri dada. Mimi miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naandikia kwenye programu ya Acode kwenye simu, vidole vilikuwa vinauma lakini kodi ni ileile. Tena una bahati, wewe utaona shida za simu kabla ya mwenye laptopu. Kuiweka hewani tumia GitHub Pages, bure. Picha zako zote ziandikie `width` na `height` kwenye HTML ili brauza iziachie nafasi mapema, la sivyo maandishi yanaruka mtu akiwa anasoma na kidole kinaangukia kitu kingine. Zile za chini weka `loading="lazy"` zisile bando la mtu ambaye hata hajafika huko.

Na ningeanza upya leo: siku ya kwanza HTML tupu, majina 24 na maana zake, hakuna rangi. Ikisomeka hivyo ndio napaka. Animesheni wiki ya mwisho. Mimi nilijenga bati kabla ya ukuta.

#13 Mchangiaji

Mkuu wa #4 tena. Sawa nimekuelewa, nilikuwa mkali. Nimejaribu Tab kwenye websaiti niliyomtengenezea mtu mwezi huu, siwezi hata kufika kwenye fomu ya mawasiliano. Naanzia wapi kurekebisha bila mteja kujua?

#14 Mleta uzi

Usiumie, WebAIM, wale wanaoshughulikia websaiti kutumika na kila mtu, huwa wanapima kurasa za mbele za websaiti milioni moja kila mwaka, 2024 walikuta asilimia 95.9 zina kasoro ambazo hata mashine peke yake inazigundua, na inayoongoza ni herufi zisizosomeka kwa rangi. Anzia na rangi na div zako zinazojifanya vitufe. Mteja hatajua. Ataona tu simu za wateja zimeongezeka, akikuuliza sema ni dua.

#15 Mchangiaji

Nimerudi, wa #9. Nimepita kanga zote. Vichwa vinarukika, dirisha linafunga vizuri, "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" imenichekesha maana niko kwenye basi. Menyu sawa. Ila kanga ya kumi na saba kitufe chake kinasoma "jina hapa".

#16 Mleta uzi

Loh! Hiyo ni "Japo sipati tamaa sikati", niliweka aria-label ya majaribio nikaisahau, wenye macho tunaona jina sahihi wala hatujui. Wiki tatu iko hewani. Umeme umekatika huku, laptopu ina asilimia 9, narekebisha hiyo kwanza halafu nazima.

#17 Mleta uzi

Tayari. Jaribu tena kaka.